Risiti ya Faranga 2,000

Bwana Mhariri,

Nilipokuja kuitembelea shule yetu, nami nilikuwa nimealikwa kusema maneno machache mbele ya wanafunzi juu ya wajibu wa raia, kijana mmoja wa darasa la juu alisimama akaniuliza hivi: "Mzee wetu, serikali ikizitumia vibaya fedha za watu, kosa ni la nani? Ni la serikali, ama ni la wale walioichagua?" Nilimjibu upesi, kama ilivyo desturi yetu sisi watu wazima tunapoulizwa mbele ya hadhara. Nilisema kwamba watu hupata viongozi kama walivyo wao wenyewe, na kwamba apandaye mbigili asitazamie kuvuna mtama. Wakubwa waliokuwapo wakapiga makofi. Kijana akakaa, lakini uso wake ulionyesha kwamba hakushiba.

Hata mimi mwenyewe sikushiba. Nilipokuwa njiani kurudi nyumbani nilikumbuka kitu kilichomo katika kopo langu la karatasi, na nikaona haya. Ndiyo maana nakuandikia, ili nimjibu kijana yule vizuri zaidi kuliko nilivyomjibu siku ile.

Kopo lenyewe ni la maziwa ya unga, na ndani yake naweka hati ya shamba langu la michikichi, vyeti vya watoto, na risiti moja ndogo ya faranga 2,000. Wengi wenu mlikuwa wadogo wakati ule, basi nitaeleza. Mwezi wa Desemba 2017 serikali ya Burundi iliagiza raia wachangie gharama za uchaguzi wa mwaka 2020. Watumishi wa serikali walikatwa katika mishahara yao. Kila nyumba ya mkulima, mvuvi ama mchuuzi ilitakiwa itoe faranga 2,000 kwa mwaka, na mwanafunzi aliyekwisha kufikia umri wa kupiga kura faranga 1,000. Sababu yake ilijulikana: baada ya machafuko ya mwaka 2015, Umoja wa Ulaya ulisimamisha, mwezi wa Machi 2016, msaada wa fedha uliokuwa ukitia moja kwa moja katika hazina yetu. Wakubwa wakasema kwamba nchi itafanya uchaguzi wake kwa fedha zake yenyewe.

Sitasema uongo, neno hilo lilinipendeza. Mtu anayeazima kanzu kwenda harusini hakai kwa raha, maana kila mara anamtazama mwenye kanzu. Nililipa bila kusukumwa na mtu, nikapewa risiti, nikaikunja nikaitia mfukoni kwa fahari, nikijiambia kwamba safari hii sanduku la kura nimelinunua mimi.

Mchango ule uliitwa wa hiari. Lakini asubuhi moja, kabla haujasimamishwa, nilikwenda kununua ndagala katika soko moja la hapa ufukweni. Penye njia ya kuingilia walisimama vijana, wamefunga kamba, na kila apitaye wanamwuliza risiti. Mbele yangu alikuwako mama mmoja mjane, jirani yangu wa siku nyingi, na beseni la ndagala kichwani, ambazo alikuwa amezichukua mwaloni tangu alfajiri. Hakuwa na risiti. Alisema atalipa akiisha kuuza. Wakamwambia akalipe kwanza ndipo auze. Nanyi watoto wa ziwa mnazijua ndagala mbichi, jua likipanda hazingoji mtu. Mama yule akageuka akanitazama. Mimi nilikuwa na risiti yangu mkononi, na mfukoni nilikuwa na faranga za kutosha kumlipia yeye na wengine watano. Nilionyesha karatasi yangu nikapita.

Hakuna aliyenipiga wala kunitisha. Nilipita tu.

Kwa hiyo, kijana wangu, uliponiuliza kosa ni la nani, mimi niliyekujibu kwa methali nilikuwa nimeikunja sehemu ya jibu lako katika kopo langu.

Sasa tuingie katika jambo lenyewe. Watu wengi wa ufukwe huu, tangu Rumonge mpaka Nyanza-Lac, hudhani kwamba kodi ni habari ya wenye maduka na ya wakubwa wa Bujumbura. Mama yule yule wa ndagala alipata kuniambia, "Kaka, mambo ya kodi ni yenu ninyi, mimi maskini silipi kitu." Nilimwuliza alinunua nini siku ile. Alikuwa amelipa ushuru wa soko. Alikuwa ametia pesa katika simu yake, na katika pesa hizo serikali ina fungu lake, maana tangu mwaka 2009 tuna kodi ile waiitayo TVA, nayo ni faranga 18 juu ya kila faranga 100 za bei. Mwenye mtumbwi aliyemwuzia ndagala anaendesha mashine kwa petroli iliyotozwa kodi, na kodi hiyo ameitia katika bei ya samaki. Hata mlevi wa pwani yetu analipa: kampuni inayotengeneza Primus ni miongoni mwa walipa kodi wakubwa kabisa katika nchi hii, na kodi hiyo hutoka katika chupa. (Mimi sinywi, lakini tangu nilijue jambo hili nimewapunguzia lawama jirani zangu wanywao.)

Tena iko kodi isiyo ya fedha. Tangu mwaka 2005, shule za msingi zilipofanywa kuwa bure, watoto walikuja wengi kuliko madarasa, na shule nyingi zilijengwa kwa kazi ya pamoja ya siku ya Jumamosi. Watu walibeba mawe, maji na matofali vichwani. Jasho hilo halikuandikwa katika bajeti yo yote, wala hakuna aliyelitolea risiti. Walakini siku ya kuzindua shule, mgeni wa heshima akisema "tumewaletea shule," sisi tuliobeba mawe tunapiga makofi. Ndipo hapo ninapoona kasoro yetu ya kwanza. Hatujui kwamba tumelipa, na mtu asiyejua kwamba amelipa hawezi kudai. Hushukuru kwa kupewa kilicho chake.

Wazee wetu walilijua jambo hili kuliko sisi, maana kodi ya zamani zao haikujificha katika bei ya kitu. Wabelgiji walitoza kodi ya kichwa, kila mwanaume mzima alipe, na asiyekuwa na fedha alizitafuta popote. Maelfu walivuka kwenda Tanganyika na Uganda kufanya kazi katika mashamba ya watu. Walilipa, lakini hawakuulizwa fedha hizo zifanye nini. Basi mwaka 1960 Mwana wa Mfalme Louis Rwagasore, mkuu wa chama cha UPRONA, aliwataka watu wasinunue katika maduka ya wakoloni na wasilipe kodi, na kwa ajili hiyo serikali ikamweka kizuizini. Wafanya biashara Waswahili wa Usumbura walikuwa wamemshika mkono tangu alipoanzisha ushirika wake mwaka 1957, maana walikuwa watu wa daftari na walijua kuhesabu kilichotoka na kilichoingia. Tarehe 18 Septemba 1961 UPRONA ikapata viti 58 katika viti 64 vya Bunge. Tarehe 13 Oktoba mwaka ule ule Rwagasore akauawa kwa risasi ufukweni mwa ziwa hili hili, hata mwezi haukutimia.

Siyakumbushi hayo ili mtu asilipe kodi leo. Wakati ule kukataa kodi kulikuwa na maana kwa sababu alipaye hakuwa na kura. Leo kura tunayo. Ila nataka mwone kwamba wazee wale waliishika kodi kwa mkono mmoja na kura kwa mkono wa pili, wakajua kwamba vitu hivyo viwili ni ndugu. Sisi tumewatenganisha ndugu hawa. Kodi tunailipa kwa kunung'unika, na kura tunaipiga kwa ngoma.

Hapa sina budi kusema juu yetu sisi wenyewe, na ambaye kofia haimwenei asiivae. Kila wakati wa kampeni nimeona fulana, vitenge, chumvi, sabuni na vinywaji vikigawanywa. Watu husema, "Chukua, ni chetu, hatutakiona tena mpaka miaka mitano ijayo." Maneno hayo yanachekesha, lakini yapimeni. Ikiwa fulana ile imetoka katika mali yetu, basi tumenunuliwa kwa fedha zetu wenyewe, na bei yetu ilikuwa fulana. Ikiwa imetoka mfukoni mwa mgombea, basi mfuko huo utataka kujazwa tena, na pa kuujazia panajulikana. Cha mlevi huliwa na mgema.

Baada ya uchaguzi je? Mtu wetu akipata kazi katika ofisi, sisi jamaa zake ndio wa kwanza kumharibu. Nasema kwa kuwa nimeyatenda. Miaka kadha iliyopita mpwa wangu alipewa kazi ndogo ya kushika fedha za watu. Hata mwezi wa pili haujaisha, palikuwa na harusi katika ukoo, na jina lake likaandikwa katika karatasi ya michango kwa kiasi ambacho mshahara wake haukuweza kukifikia, nao ukoo wote tuliujua. Mimi ndiye niliyeshika kalamu. Akalipa. Hatukumwuliza amezitoa wapi, maana tulichelea jibu. Angalilipa kidogo tungalisema ni bahili na amesahau alikotoka. Mwaka uliofuata aliachishwa kazi, nasi tukakaa barazani tukilaumu wakubwa wanaowaonea vijana wetu.

Nimesema mengi ya kutulaumu sisi. Lakini jibu langu la siku ile lilikuwa na ubaya wake, nao ni huu: mtu akisema "mmepata mlichochagua," anawapumzisha walioshika funguo za hazina, na anamtwika mama wa ndagala mzigo usio wake. Si haki. Kosa la mpiga kura lazima lipimwe kwa kadiri ya uwezo aliokuwa nao. Mama yule alikuwa na uwezo gani mbele ya kamba ile? Angalipiga kelele, kesho angaliuzia wapi? Mimi nilikuwa na uwezo zaidi: nilikuwa na risiti, fedha, na umri ambao vijana wale wangaliustahi kidogo. Kwa hiyo kosa langu ni kubwa kuliko lake. Na aliyeruhusu kamba ile ifungwe kosa lake ni kubwa kuliko la sisi sote. Kila mtu hulipa deni la kamba aliyoweza kuifungua.

Tazama na Bunge letu. Katika uchaguzi wa mwaka 2020 chama cha CNDD-FDD kilipata viti 86, na CNL 32. Katika uchaguzi wa tarehe 5 Juni 2025 CNDD-FDD ilipata viti vyote 100 vilivyopigiwa kura. CNL ilikuwa imekwisha gawanyika, na vyama vingine vililalamika kwamba watu walitishwa na kura zilichezewa. Wenye mamlaka walikana. Mimi si hakimu wa jambo hilo. Nasema tu kile ambacho hata mwenye duka la sabuni anakijua: duka ambalo mwuzaji, mshika daftari na mkaguzi ni watu wa nyumba moja, hata wakiwa waaminifu wote, kosa likitokea halitaonekana mapema. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na kwa maoni yangu chama kitawalacho ndicho kingepaswa kuwa cha kwanza kulitamani jicho la pili, kwa ajili ya jina lake.

Wako watakaosema, "Basi kama ni hivyo, mtu wa Rumonge afanye nini? Alale." Vijana wengine watanitolea mfano wa Kenya. Mwezi wa Juni 2024 vijana wa huko waliusoma mswada wa fedha wa serikali yao kifungu kwa kifungu, wakawaeleza wenzao kwa maneno ya kawaida kwamba mkate utatozwa kodi ya 16 katika 100, na kwamba mwenye gari atatozwa nyingine. Tarehe 25 Juni wakaingia hata katika Bunge, na kesho yake Rais Ruto akasema hatautia sahihi. Lakini watu kadha walikufa kwa risasi, tena wengi wao walikuwa vijana wa umri wenu. Mimi mtu mzima siwezi kukaa hapa kando ya ziwa nikawaambia watoto wa watu wakafe barabarani. Ninachokisifu katika habari ile ni kile kilichotangulia: waliusoma. Watu wale wale waliokuwa wamepiga kura mwaka 2022, ama waliokuwa bado watoto mwaka huo, walikaa na karatasi nzito ya serikali wakaifungua.

Nasi tunazo karatasi zetu, tena zilizo karibu. Katika miaka ya mwisho ya Rais Nkurunziza, serikali ilianza kutoa faranga milioni 500 kwa kila komini kwa mwaka, kwa kazi za maendeleo. Hesabuni wenyewe: komini zilipokuwa 119, hizo ni faranga bilioni 59 na nusu kwa mwaka mmoja. Ni watu wangapi wa pwani hii walijua kwamba komini yao ina milioni 500? Wachache waliojua, ni wangapi waliouliza zimejenga nini? Niliwauliza watu 10 barazani kwangu. Tisa hawakuwa na habari, na wa kumi alidhani ni fedha za Mkuu wa komini.

Sasa mambo yamegeuka tena. Sheria ya mwaka 2023 imepunguza mikoa kutoka 18 kuwa 5, na komini kutoka 119 kuwa 42. Mkoa wa Rumonge, ambao ulizaliwa mwaka 2015, umekwisha, nasi tumo katika Burunga. Komini ikiwa kubwa zaidi, mfuko wake ni mkubwa zaidi, na ofisi yake iko mbali zaidi na mwananchi. Wenye kuipenda sheria hiyo husema gharama za serikali zitapungua, na huenda wakawa na haki. Lakini mfuko mkubwa ulio mbali unahitaji macho mengi kuliko mfuko mdogo ulio mlangoni.

Yamebaki mabaraza ya vilima. Mwezi wa Agosti 2025 tuliyachagua, na katika uchaguzi huo mtu husimama kwa jina lake mwenyewe, si kwa orodha ya chama. Ajabu ni kwamba uchaguzi huu, ambao tunawajua wagombea wote hata na madeni yao, ndio tunaoudharau kuliko yote. Watu waliosimama mstari tangu alfajiri mwezi wa Juni, mwezi wa Agosti walikwenda shambani. Mimi nilikwenda kupiga kura. Baadaye, katika mkutano wa kilima, nilisimama nikauliza swali dogo: ushuru wa mwalo wetu kwa mwezi ni kiasi gani, na unaandikwa wapi? Palikuwa kimya. Mtu mmoja nyuma yangu akasema kwa sauti ya chini, "Huyu mzee anatafuta nini?" Mkuu wa kilima, kwa adabu, akajibu kwamba ataleta jibu mkutano ujao. Hakuleta. Nikauliza tena. Mara ya tatu walikuwako wengine wawili waliouliza kabla yangu, na mmoja wao ni mama wa ndagala. Jibu lililoletwa lilikuwa na tarakimu, ingawa hazikujumlishwa vema, na sisi wenye maduka tuliomba karatasi tukazijumlisha palepale.

Hapo ndipo ninapowahitaji ninyi wanafunzi. Sheria ya bajeti huandikwa Kifaransa, na baba zenu wengi hawakisomi. Ninyi mnakisoma. Likizo ijayo, badala ya kumwambia baba yako kwamba nchi imeharibika, ambalo analijua, mchukulie ukurasa mmoja unaohusu komini yake umsomee kwa Kirundi ama kwa Kiswahili, kisha umwache aulize yeye. Ana kura, ana mvi, na hataogopa tarakimu akiisha kuzisikia kwa lugha yake. Kama ukurasa haupatikani, swali la kwanza ni kwa nini haupatikani.

Kuhusu mama yule: nilikwenda nyumbani kwake baada ya mkutano ule wa tatu. Nilitaka kumwomba radhi juu ya siku ya kamba, nikazungukazunguka kwa maneno, nikasema habari za mvua na bei ya mawese. Akanikatiza. "Kaka," akasema, "siku ile ulipita upesi sana." Kisha akanipa kiti.

Risiti yenyewe nimeitia ndani ya bahasha hii pamoja na karatasi hizi. Ukiona inafaa, Bwana Mhariri, mpe kijana yule aliyeniuliza.

Mwanafunzi wa zamani,
Rumonge